Papa Mkubwa wa Kale na Mifupa ya Songwe

Ndugu mwanakisomo, baada ya mvua kubwa makorongo hubomoka. Ukipita siku ya pili yake unaona udongo mpya umefunuka, na mawe ambayo jana hayakuwapo. Je, umewahi kuokota jiwe lenye umbo la mfupa, au la jino? Ulilifanya nini? Wengi huligeuzageuza, humwonyesha mtoto, kisha hulitupa. Wengine huligonga kwa jembe ili waone ndani mna nini.

Baadhi ya mawe ya namna hiyo si mawe ya kawaida. Ni mifupa ya wanyama walioishi zamani mno, kabla mtu hajawapo duniani. Katika Bonde la Rukwa na bonde la Songwe yamepatikana mengi, na yamesomwa na wataalamu wa Tanzania na wa nchi za nje. Katika somo hili tutaona jinsi jiwe la namna hiyo linavyosomwa. Tutakwenda kwanza baharini kwa papa, maana papa ndiye anayeacha mabaki machache kuliko wengi. Kisha tutarudi nyumbani.

Mfupa unavyogeuka jiwe

Ng'ombe akifia porini, fisi na tumbusi humla. Mifupa hubaki juani, hupasuka, na baada ya miaka michache huwa vumbi. Lakini ikiwa mafuriko yanakuja mapema na kuufunika mzoga kwa mchanga au matope, mambo huwa tofauti. Mfupa una vitundu vidogo vingi. Maji yaliyo ndani ya ardhi hupenya katika vitundu hivyo yakiwa yamebeba madini. Polepole madini hujaa humo na kukauka. Umbo la mfupa hubaki lile lile, bali uzito wake sasa ni wa jiwe. Kitu cha namna hiyo huitwa kisukuku. Vikiwa vingi ni visukuku.

"Polepole" hapa si miaka kumi wala mia. Tutahesabu mamilioni, na milioni ni neno rahisi kutamka lakini gumu kulifikiri. Basi tuhesabu kwa mahindi. Punje moja iwe mwaka mmoja. Mzee wa miaka 60 atakuwa na punje 60. Zinatosha katika kiganja. Tangu kuzaliwa kwa Yesu Kristo hadi leo ni punje elfu mbili na kidogo, yaani karibu kibaba kimoja. Gunia la kilo 100 lina punje kama laki tatu. Miaka milioni moja, basi, ni magunia matatu na zaidi kidogo. Miaka milioni 100 ni magunia yapata 330, mzigo wa kujaza lori kubwa kama yale yanayopanga foleni Tunduma kungoja kuvuka kwenda Zambia. Kumbuka mahindi hayo tunapoendelea.

Papa na meno yake

Aliyewahi kula papa anajua kwamba hana mifupa migumu kama ya ng'ombe. Mwili wake umeshikwa na gegedu. Shika sikio lako ulikunje: hicho kigumu kinachokunjika ndicho gegedu. Gegedu huoza upesi. Kwa hiyo papa akifa, karibu mwili wote hupotea, na hubaki meno.

Lakini meno ya papa ni mengi ajabu. Sisi binadamu tunabadili meno mara moja, utotoni. Papa hubadili maisha yake yote. Meno yake yamepangwa safu nyuma ya safu. La mbele likianguka, la nyuma linasogea mahali pake. Papa mmoja huweza kuangusha maelfu ya meno kabla hajafa.

Zamani watu wa Ulaya waliokota meno ya papa yaliyogeuka jiwe, hata katika miamba ya nchi kavu, mbali na maji. Hawakujua ni nini. Waliyaita ndimi za mawe, na wengi waliamini kwamba yanatibu sumu. Mwaka 1666 wavuvi wa Italia walivua papa mkubwa karibu na mji wa Livorno. Kichwa chake kilipelekwa mji wa Florence, kwa daktari mmoja mzaliwa wa Denmark, jina lake Nicolaus Steno. Steno alifungua kinywa cha yule papa, akatazama meno, akaona ni sawasawa na zile ndimi za mawe. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo yake.

Lakini swali kubwa lilibaki. Jino la samaki wa baharini limefikaje ndani ya mwamba wa nchi kavu? Steno alijibu kwamba mwamba ule zamani ulikuwa matope laini chini ya maji. Angalia hapo, ndugu msomaji. Jino peke yake lilimwambia habari ya papa. Jino pamoja na mahali lilipolala lilimwambia habari ya nchi nzima.

Kati ya meno hayo ya kale yako makubwa kupita kiasi. Mengine yana urefu wa sentimita 17, karibu sawa na mkono wa mtu mzima kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Papa mweupe wa siku hizi, ambaye wavuvi wanamwogopa, hufika mita 6 hivi, na jino lake ni kama nusu ya hilo au pungufu. Mwenye meno yale makubwa aliitwa megalodoni, maana yake kwa Kiyunani ni "jino kubwa". Alikuwa na urefu gani? Kwa muda mrefu wataalamu walisema mita 15 hadi 18. Mwaka 2025 wengine walipima upya pingili chache za uti wa mgongo zilizopatikana, wakalinganisha na papa wa aina nyingine, wakakadiria kwamba wakubwa kabisa walifika mita 24. Usishangae kwamba hesabu inabadilika. Anayekadiria ng'ombe kwa kuona pembe tu atabadili kauli akionyeshwa na kwato.

Meno na mifupa husema mengine pia. Imepatikana mifupa ya nyangumi wa kale yenye alama za meno hayo, ndiyo maana tunajua megalodoni alikula nyangumi. Madini yaliyomo ndani ya jino yanaonyesha kwamba mwili wake ulikuwa na joto kuliko maji aliyokuwa akiogelea. Hayupo tena. Alitoweka yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, kwa hesabu yetu, magunia 12. Samaki mkubwa kuliko wote walio hai sasa ni papa potwe, anayeonekana hapa kwetu kando ya kisiwa cha Mafia. Huyo hana habari na nyangumi wala mtu. Hula vijidudu na vijisamaki anavyovichuja katika maji.

Je, Songwe kuna meno ya megalodoni? Hakuna haja ya kuyatafuta. Miamba ya bonde letu yenye visukuku iliwekwa na mito na maziwa, wala si bahari. Tunajuaje? Kwa njia ile ile ya Steno. Ndani yake yamepatikana mabaki ya kamongo, ya kobe na ya mamba, wakaao mitoni na maziwani. Lakini katika mchanga wa mito hiyo walizikwa wakubwa wengine.

Mnyama wa Mtuka

Ardhi ya Bonde la Ufa ilipasuka na kuvutwa huku na huku. Upande mmoja ulishuka, upande mwingine ulipanda. Ziwa Rukwa limelala katika sehemu iliyoshuka. Kwa sababu ya kupasuka huko, miamba iliyokuwa imefukiwa ndani kabisa imeletwa juu, na mito inaikata kila masika. Ndiyo maana hapa visukuku huonekana kando ya mito, kwenye kingo nyekundu zilizosimama wima.

Mwaka 2004 wataalamu walikuwa wakitembea kando ya Mto Mtuka, mto unaokauka wakati wa kiangazi. Katika ukingo waliona mifupa imejitokeza. Walirudi mwaka hadi mwaka, mpaka 2008, wakachimba. Walipata meno, mifupa ya shingo, ya mgongo, ya mkia, mbavu na miguu. Alikuwa dinosaria, mtambaazi wa kale mwenye shingo ndefu, mkia mrefu na miguu minne kama nguzo, mlaji wa majani. Aliishi yapata miaka milioni 100 iliyopita. Hiyo ndiyo lori letu la mahindi, likiwa limejaa.

Mwaka 2019 mnyama huyo alipewa jina. Lisome polepole: Mnyamawamtuka moyowamkia. Ukitenganisha maneno utaona ni Kiswahili: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Baadhi ya mifupa ya mkia wake ina umbo kama moyo unavyochorwa. Kila mtaalamu duniani anayetaka kuandika habari za mnyama huyu lazima aandike jina hilo. Wengi hujikwaa ulimi. Wewe hujikwai.

Wa pili anaitwa Rukwatitan, yaani pandikizi la Rukwa. Jina lake lilitangazwa mwaka 2014. Mifupa yake ilikuwa ndani ya ukuta wa mwamba. Kuitoa ilikuwa kazi ngumu, na waliosaidia ni wenyeji pamoja na wachimba makaa ya mawe. Nadhani hapo walichagua vizuri, maana mtu aliyezoea kuchimba makaa anajua wapi mwamba utapasuka kabla haujapasuka. Mguu wa mbele wa mnyama huyo ulikadiriwa kufika mita 2, yaani juu ya kichwa cha mtu mrefu, na uzito wake kama wa tembo kadhaa. Jina lake la pili ni la Kilatini na maana yake ni "aliyezikwa mara mbili". Mzoga ulifukiwa kwanza, kisha mto ukabadili njia, ukafukua sehemu ya mifupa na kuifukia tena upya. Jambo hilo lilijulikana kwa kutazama jinsi mifupa ilivyolala na mchanga ulioizunguka. Kama mtu angaliitoa mifupa ile na kuipanga nyumbani kwake, habari ya mazishi mawili ingalipotea.

Wa tatu anaitwa Shingopana songwensis. Sina haja ya kueleza "shingopana". Neno la pili maana yake ni "wa Songwe". Alianza kuchimbuliwa mwaka 2002 na jina likatangazwa mwaka 2017. Mifupa yake ina vitobo vidogo vilivyotobolewa na wadudu. Wadudu hawatoboi jiwe. Basi walitoboa wakati mfupa bado ni mfupa, mnyama amekufa na mzoga uko wazi juu ya ardhi. Kwa vitobo hivyo tu tumejua kwamba hakufukiwa siku ile aliyokufa. Tena mifupa yake inafanana sana na ya dinosaria wa Amerika ya Kusini, kuliko na ya wengine wa Afrika. Hilo si ajabu, kwa kuwa zamani Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi kavu moja. Bahari ilikuja kuzitenganisha baadaye.

Visukuku vidogo vyenye habari kubwa

Usidhani kwamba kikubwa ndicho chenye thamani. Katika miamba hiyo hiyo alipatikana mamba mdogo, mwili wake kama wa paka. Mamba tunaowajua wana meno ya kuchoma na kushika, hawatafuni. Huyu alikuwa na magego ya kutafunia. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa ndani ya mwamba, ikabidi kipigwe picha kwa mashine ya namna ya eksirei ili meno yaonekane bila kuvunja kitu. Mwaka 2010 aliitwa Pakasuchus kapilimai. Mwanzo ni paka wetu yule yule. Neno la pili ni heshima kwa Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ya Bonde la Rukwa.

Kando ya Mto Nsungwe kuna miamba michanga zaidi, ya miaka milioni 25 tu, magunia 83. Humo palipatikana vipande viwili vya taya. Kimoja ni cha mnyama wa ukoo wa sokwe, kingine cha ukoo wa nyani na tumbili, nacho kilikuwa na jino moja tu. Habari zake zilitangazwa mwaka 2013. Hao ndio wa kale kuliko wote wa koo hizo waliokuwa wamepatikana duniani. Tunajuaje umri wao? Katika miamba hiyo mna tabaka za majivu ya volkano. Ndani ya majivu mna madini yanayobadilika kidogo kidogo, kwa mwendo usioongezeka wala kupungua. Mtaalamu hupima kiasi kilichokwisha kubadilika, kisha hupiga hesabu ya miaka. Lakini ni lazima ajue jino lilitoka juu ya tabaka gani na chini ya tabaka gani. Jino lililookotwa na kuletwa mfukoni halina juu wala chini.

Tendaguru

Nchi yetu ilikwisha kupata visukuku vikubwa zamani, huko Tendaguru, Mkoa wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani alionyeshwa mifupa mikubwa huko. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba. Wenyeji kwa mamia waliajiriwa kuchimba na kubeba, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Jumla yake ilikuwa yapata tani 250. Yote ilipakiwa melini kwenda Ujerumani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho mjini Berlin tangu 1937, na kichwa chake kiko mita 13 juu ya sakafu. Watu wengi duniani wamemwona. Watu wa Lindi walio wengi hawajamwona.

Mifupa ya Songwe haikwenda kwa njia hiyo. Imechimbwa kwa kibali cha serikali, nayo imeandikishwa kuwa mali ya Tanzania, chini ya Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza mtu kuchimba visukuku au kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Sheria hiyo ni ya mgeni na ya mwenyeji pia.

Ukiona mfupa wa jiwe

Acha ulipo. Usiugonge, hauna dhahabu ndani, na ukisha vunjika hakuna wa kuuunga. Kama ni ukingoni na unaogopa mvua itauchukua, weka alama karibu, rundo la mawe au kijiti, na ukumbuke mti au jabali lililo jirani. Kisha mwarifu mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, naye apeleke habari kwa afisa utamaduni wa wilaya. Na kwa kuwa sasa unajua kuandika, andika: siku uliyouona, jina la mto au korongo, na ni upande gani wa ukingo. Maneno hayo machache, yakiandikwa siku ile ile, yatamfaa mtaalamu kuliko mfupa wenyewe uliobebwa hadi ofisini.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini papa huacha meno na haachi mifupa?
2. Mtu akikuambia ameokota jino la papa mkubwa kando ya Mto Songwe, utamuuliza nini?
3. Vitobo vya wadudu katika mifupa ya Shingopana vinatueleza nini?
4. Hatua moja ya mtu mzima ni sentimita 75. Megalodoni wa mita 24 ni hatua ngapi? Tokeni nje mpime, mtu mmoja asimame kichwani na mwingine mkiani.
5. Taja makorongo na mito ya kijiji chenu yanayobomoka wakati wa masika. Nani hupita huko mara kwa mara? Je, yeye amesoma somo hili?